Kikohozi Kisicho na Mwenyewe

Benchi la kijiweni lilikuwa ubao mmoja mrefu, uliokaliwa miaka mingi mpaka ukaota mabonde, na kila mtu alilijua bonde lake. Lilikuwa mbele ya nyumba ndefu ya kupanga, kati ya bomba la maji na njia ya kwenda chooni, kwa hiyo hapakuwa na wa kulikwepa. Ukitoka kuteka maji unalipita. Ukibanwa na tumbo unalipita mbio, na bado unatakiwa usalimie. Ukirudi na nyama uliyotaka kula kimyakimya, utaulizwa kwako kuna sherehe gani. Tangu ugonjwa uingie mjini na watu waambiwe wakae mbalimbali, kijiwe kilitii, maana hawakuwa watu wakaidi. Waliketi wawili tu, mmoja mwisho huu na mmoja mwisho ule, na waliobaki walisimama pembeni wamebanana bega kwa bega, wakisubiri zamu yao ya kukaa mbalimbali. Vilevile kila mtu alikuja na kikombe chake kutoka nyumbani. Hilo walikubaliana kwa kauli moja, na Mama Kahawa, ambaye hakutaka kuonekana anapinga usafi, alivikusanya vikombe vyote akavisuuza katika ndoo moja.

Asubuhi hiyo Kinyozi ndiye aliyefika wa kwanza, na hilo peke yake lilitosha kumtia mtu mashaka. Kwa kawaida alikuja kahawa ikishapoa, akijikuna ubavu na kulalamika kwamba hakuna aliyemwamsha. Leo alikuwa amenawa uso, amechana nywele, na anaitikia salamu kabla hajasalimiwa. Ukweli ni kwamba hakuwa amelala. Mkewe alikohoa usiku kucha, na kulipokaribia kupambazuka mwili wake ulikuwa wa moto na macho yamemwiva. Yeye mwenyewe ndiye aliyemsukuma mumewe atoke. Alimwambia aende kijiweni mapema na acheke kama siku zote, kwa sababu atakayekosekana leo ndiye atakayesemwa.

Na ujue nyumba yenyewe ilivyokuwa. Kuta za vyumba hazikufika juu. Aliyeijenga aliishiwa matofali, au aliona wapangaji hawana siri za kutosha, akazikomesha usawa wa kichwa cha mtu mrefu, kisha akalaza bati juu ya vyumba vyote kama mfuniko wa sufuria. Kitunguu kikikaangwa chumba cha kwanza, chumba cha mwisho wanameza mate. Mtoto wa chumba cha katikati akilia, anabembelezwa na jirani wa kila upande. Kabla ya ugonjwa, mtu akipiga chafya usiku alisikia "pole" kutoka kushoto, "pole" kutoka kulia, na nyingine ya mtu aliye usingizini isiyojulikana imetoka wapi. Usiku huo mke wa Kinyozi alikohoa mpaka kitanda kikalia, na nyumba nzima ikanyamaza. Hata waliokuwa wakikoroma waliacha kukoroma. Kimya kile kilimuuma Kinyozi kuliko kikohozi, maana alijua watu wako macho na wanasikiliza.

Aliyefungua kesi alikuwa Meneja. Meneja hakuwa na kampuni. Alikuwa na ufunguo wa choo. Choo kilikuwa kimoja kwa nyumba nzima, na ugonjwa ulipoanza wapangaji walikifunga kwa kufuli ili wapita njia wasikiingie, wakamkabidhi ufunguo yeye kwa sababu ndiye aliyeshinda nyumbani. Aliutundika shingoni kwa kamba ya kiatu. Siku za kwanza alikuwa akiombwa ufunguo, anatoa. Siku hizi alikuwa akiombwa, anauliza maswali.

— Kuna mtu alikohoa usiku, alisema Meneja akikaa mwisho wa benchi. Nataka kumjua.

— Mimi nilisikia, alisema Redio. Redio aliitwa hivyo kwa sababu ukishamfungua hana pa kuzimia. — Nilisikia vizuri sana. Kikohozi kirefu, kinaanza chini, kinapanda, kinatulia, halafu kinarudi na taarifa kamili.

— Cha mwanamume au cha mwanamke?

— Kilikuwa kimezibwa na shuka. Kikohozi cha mtu mwenye adabu zake.

Kinyozi alivuta kahawa kwa kelele ili apate cha kufanya na mdomo wake. Alisema yeye hakusikia kitu, alilala kama gogo. Hakuna aliyemjali. Meneja alikuwa ameshika ufunguo wake kifuani na kutangaza kwamba aliyekohoa, akijulikana, huu ufunguo atausikia ukilia tu. Wala bombani hatasogea. Kinyozi alimeza kahawa ikashuka vibaya. Alimfikiria mkewe na homa ile, akisimama mbele ya kufuli na kurudishwa kama mtoto. Akajifikiria na yeye pia, kwa sababu banda lake la kunyolea lilikuwa hatua chache kutoka hapo, na nani angeinamisha kichwa chini ya mashine iliyotoka chumba cha mgonjwa? Akaapa moyoni kwamba kikohozi hiki leo kitapata mwenyewe mwingine, au kitabaki bila mwenyewe.

Msaada ulimjia kutoka kwa Daktari. Daktari aliuza sumu ya panya sokoni, akiitembeza kwenye sinia na kipaza sauti, na tangu ugonjwa uingie watu walianza kumuuliza mambo ya afya kwa kuwa hapakuwa na mwingine mwenye jina la kufanana. Naye alijibu yote. Barakoa yake aliitoboa tundu katikati ili anywe kahawa bila kuivua, na aliwashangaa wengine kwa kutofikiria jambo dogo namna hiyo.

— Yule si mtu, alisema Daktari. Yule ni panya.

— Panya gani anayekohoa hivyo? aliuliza Redio.

— Panya aliyekula sumu yangu. Sumu hii mpya inakwenda kwanza mapafuni. Panya anakohoa, anatubu, anakufa.

— Na kikohozi chake anakiziba kwa shuka?

— Panya wa nyumba hii wanalala pazuri kuliko wewe.

Kinyozi aliipokea hoja ya panya kwa mikono miwili. Alisema sasa anakumbuka, hata bandani kwake kuna panya mwenye kifua. Akaisifu sumu ya Daktari kwa maneno ambayo mwenyewe Daktari hakuwahi kuyatumia sokoni. Lakini Redio hakukubali kupitwa na panya. Alisema yeye ana habari nyingine, na ameipata mahali pa kuaminika, asiulizwe wapi. Kikohozi kile ni cha mwenye nyumba. Mwenye nyumba amerekodi kikohozi kwenye simu, na usiku anakuja kuificha simu juu ya bati ili wapangaji waogope, wahame wenyewe, apandishe kodi.

— Simu gani inakaa na chaji usiku kucha? aliuliza Meneja. Yeye alikuwa na simu iliyozimika ukiitazama.

— Za matajiri zinakaa.

— Na kikohozi alikirekodi wapi?

— Mtu ana nyumba hii, ana nyumba ile ya ng'ambo ya mtaro, atakosa kikohozi?

Hilo nalo lilikuwa na uzito wake. Mama Kahawa, aliyekuwa akipuliza mkaa, alisema kwa sauti ya chini kwamba huenda ni mtu tu anaumwa. Walimtazama kwa huruma, kama mtu aliyeingia katikati ya mazungumzo. Daktari akamweleza kwa upole kwamba mambo si mepesi hivyo. Ugonjwa huu, alisema, wenyewe ndio unaokohoa. Unatembea juu ya mabati usiku, unafika mahali kuta hazijakutana na paa, unachungulia chumba kimoja kimoja, na ukikuta watu wamefunika pua unakereka, unakohoa, unaondoka. Kwa hiyo kile kikohozi ni habari njema. Redio alikubali mara moja, akaongeza kwamba alisikia na hatua zake.

Pengine wangeishia hapo na Kinyozi angerudi ndani salama. Lakini Meneja alikuwa mtu wa utaratibu. Alisema maneno ni mengi, tufanye kitaalamu. Akamtaka Mama Kahawa asogee, akachukua vikombe vyao akavipanga juu ya benchi, mstari mmoja, kama vyumba vilivyopangana. Kikombe chake mwenyewe kilikuwa chumba cha kwanza. Cha Redio kikafuata, halafu cha Kinyozi, halafu cha Daktari. Vyumba vilivyobaki akavipita kwa kidole, na mwisho kabisa, pale anapoishi mjane aliyeitwa Mama Cherehani kwa sababu ya kazi yake ya ushonaji, aliweka mfuniko wa birika.

— Redio. Kilitokea upande gani?

— Kulia kwangu.

— Na mimi pia kulia, alisema Meneja. Daktari?

— Kushoto kwangu, alisema Daktari, kisha akajuta, kwa maana alikuwa bado na panya wake.

Meneja alitelezesha kidole kutoka kikombe cha Redio kwenda kulia. Akatelezesha kingine kutoka kikombe cha Daktari kwenda kushoto. Vidole vilikutana juu ya kikombe chenye ufa kwenye mkono. Kinyozi alikitazama kikombe chake. Alikuwa na hamu ya kukinyanyua akimbie nacho.

— Mimi niliyelala hapo katikati, alisema Kinyozi, ndiye ninayejua. Kile kikohozi kilitoka mbali. Kilitoka kule mwisho.

— Si ulisema hukusikia? aliuliza Redio.

— Sikukisikia kwa sababu kilikuwa mbali. Kingekuwa karibu ningekisikia.

Ulikuwa uongo ambao hata mtoto angeushika mkia. Lakini Daktari aliuokoa. Alifumba macho, akainua kidole, akasema hapo sasa Kinyozi amegusa sayansi. Sauti haisafiri chini, alisema, inapanda. Inagonga bati, bati linaitupa, inaangukia mbali na ilikotoka. Unachokisikia karibu kimetoka mbali, na cha mbali kimetoka karibu.

Redio alifikiri kidogo. Kisha akauliza polepole:

— Kwa hiyo ule ugomvi wa juzi, wa sahani kuvunjika, haukuwa kwako?

— Haukuwa kwangu, alisema Daktari. Uliangukia tu kwangu.

Meneja alikohoa kidogo, akajishika mdomo, akasema alikuwa akisafisha koo. Halafu akasema hiyo sayansi ni ya kweli. Yeye amekuwa akisingiziwa kukoroma tangu ahamie nyumba ile, na siku zote alijua hakoromi. Redio naye akakumbuka mambo fulani yaliyosikika kwake wakati mkewe yuko safarini, akasema sayansi hiyo ingefaa itangazwe nyumba nzima. Kila mmoja aliona mzigo wake umeangukia chumba kingine. Mnaweza kubishana na ukweli mchana kutwa, lakini hoja inayomsafisha kila mtu kwa mkupuo mmoja haina mpinzani.

Basi kidole cha Meneja kikahama. Kikatoka kwenye kikombe chenye ufa, kikapita vyumba visivyo na vikombe, kikatua kwenye mfuniko wa birika.

— Mama Cherehani, alisema.

Wote walijishika barakoa zao. Ni yeye aliyezishona, kwa vipande vya vitambaa vilivyobaki kazini kwake, akapita mlango kwa mlango kuzigawa na kumfundisha kila mtu namna ya kuzifua. Barakoa ya Meneja ilikuwa na maua. Kinyozi alihisi uso unamwaka. Alitaka kusema hakumaanisha yule, lakini kule mwisho hapakuwa na mwingine.

Walianza kupanga la kufanya, na hapo wakakwama kwenye nyumba yao wenyewe. Meneja alisema mama yule asipewe ufunguo wa choo. Redio akauliza atakwenda wapi. Meneja akasema nyuma ya nyumba. Daktari akasema nyuma ya nyumba ndipo lilipo dirisha lake. Redio akapendekeza apewe ndoo, na kwamba mtu awe anamtolea ile ndoo, na walipofika kwenye nani hasa, kila mtu alitazama mkaa wa Mama Kahawa kwa makini. Bombani nako vivyo hivyo: asiteke maji, lakini tangazo la ugonjwa linasema watu wanawe mikono. Anawe kwa maji gani? Daktari alisema anawe kwa nia. Mwishowe Meneja alisimama akajifuta suruali. Alisema wao si mahakama, kazi yao ni kumpa taarifa, mengine atayajua mwenyewe. Akaanza kwenda, na kamba ya kiatu ikicheza shingoni mwake.

Wengine, kama watu waliomaliza kazi nzito, wakanyoosha mikono kwenye vyumba wakavinywa. Mama Kahawa alikuwa amevijaza. Daktari alichukua chumba cha Meneja. Redio alichukua kikombe kilichokuwa karibu naye, kile chenye ufa kwenye mkono, akakipuliza.

Kinyozi aliuona mkono wa Redio ukipanda. Alikuwa amekunywa kwa kikombe kile tangu asubuhi, na kabla yake, alfajiri, ndicho alichomshikia mkewe mdomoni apate kumeza kidonge. Alikuwa amekisuuza haraka haraka gizani. Redio alikuwa mzee kuliko wote pale, na mara nyingi kubeba ndoo kutoka bombani kulimwacha akihema. Kinyozi alimtazama Redio, akamtazama Meneja aliyekuwa ameufikia mlango wa tatu, na akaona kwamba hana akili ya kuwalinda mkewe na Redio wote wawili kwa uongo mmoja.

— Redio, weka kikombe hicho chini.

— Kwani chako? Si vimechanganyika, leo tunakunywa vya umma.

— Usinywe, kaka yangu. Nakuomba. Mke wangu ndiye aliyekohoa.

Hakulisema kwa sauti kubwa, lakini nyumba ile haikuhitaji sauti kubwa. Meneja aligeuka. Redio alishusha kikombe kwa mikono miwili kana kwamba kimejaa mpaka ukingoni, na kwa mara ya kwanza tangu kijiwe kimjue hakuwa na taarifa. Kinyozi alisema yaliyobaki haraka, asije akaishiwa nguvu. Alisema mkewe ana homa. Alisema kikohozi hakikugonga bati lolote, kilitoka pale pale kilipotoka. Alisema Mama Cherehani hana kosa, na kwamba aliogopa, na kwamba wakitaka kufunga banda lake walifunge lakini mke wake asizuiwe chooni.

Walitaka kumkimbia, na ungewahurumia. Daktari alirudi nyuma akagongana na bomba. Alisogea kulia akamkanyaga Redio. Mama Kahawa aliitazama ndoo yake ya kusuuzia, akaitazama na vile vikombe, na kila mmoja akaanza kujiuliza alichokunywa kilikuwa cha nani. Meneja alisimama njiani, mbele ana nyumba yenye mgonjwa, nyuma ana kijiwe chenye mume wa mgonjwa, na kando ana mtaro. Alipotaka kupata hasira hakuiona ilipo. Yeye mwenyewe ndiye aliyevipanga vikombe. Daktari alifungua mdomo akasema "panya", kisha akaona haya, akaufunga.

Bombani alikuwapo mwanamke aliyekuwa akiteka maji muda wote huo. Alihamia juma lile lile, katika chumba kimoja cha kule katikati, na kijiwe kilikuwa hakijapata nafasi ya kumpa jina. Ndoo yake ilikuwa imejaa zamani na maji yalikuwa yakimwagika juu ya miguu yake. Alifunga bomba, akajitwika ndoo, akaja mpaka kwenye benchi akasimama mbali kidogo na Kinyozi, umbali ule hasa waliokuwa wakiambiwa kila siku.

— Pole, shemeji, alisema. Amekula?

— Nani? alisema Kinyozi.

— Mgonjwa. Tangu asubuhi amekula nini?

Kinyozi alifungua mdomo ajibu. Yote yaliyosemwa kijiweni tangu alfajiri aliyajua, na angeweza kuyarudia moja baada ya jingine, nani aliuliza na nani alijibu. Alimtazama Mama Kahawa, kana kwamba yeye anajua. Mama Kahawa alimtazama Redio. Meneja alikuwa ameuvua ufunguo shingoni na kuushika tu mkononi, hajui ampe nani. Jua lilikuwa limeshapanda juu ya mabati, na Kinyozi alikuwa ametoka ndani kungali na giza. Mke wake hakuwa amekohoa kwa muda mrefu, na hakuna hata mmoja pale benchini aliyeweza kusema kama amelala au anamsubiri mtu.